Mafundi wa Dar mnapiga ramli! Laki nne na tisini imeenda, kumbe ni kavalvu ka elfu 25

Wakuu salaam. Nina hasira hapa nilipo so mniwie radhi nikiandika ovyo ovyo.

Nina kagari kangu ka Kijapani cc 1500, ka kwendea kazini na kurudi Kimara. Huu ni mwezi wa nne sasa kana ugonjwa mmoja tu, nikijaza mafuta hakawaki. Nikiweka ya elfu kumi haina shida, ila nikisema leo mshahara umeingia ngoja nijaze fulu, basi hapo hapo sheli nikipiga stata inazunguka weee haishiki. Siku moja pale Mwenge saa kumi na mbili jioni, foleni nyuma yangu, honi, dada wa sheli ananiambia "kaka naomba usogeze gari", mpaka vijana wa bodaboda wakanisukuma na mmoja akaniuliza kama nimesahau kuweka mafuta. Aisee niliona aibu. Dawa yake nilikuja kuigundua mwenyewe, unakanyaga resi mpaka chini kabisa huku unapiga stata, inakohoa kohoa inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli ndo inawaka. Alafu sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda inashuka, na baada ya muda taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi.

Fundi wa kwanza, gereji ipo Sinza, akachomeka mashine yake ikasoma kodi, yaani namba ya hitilafu, P0171. Akaniambia bosi unaona hii, maana yake mafuta yanakuja kidogo, pampu imechoka. Nikamuuliza fundi, sasa kama mafuta ni kidogo mbona moshi ni mweusi na plagi umezitoa zimelowa? Akacheka. Akasema hiyo mashine haidanganyi. Pampu laki na themanini, ufundi elfu 40. Nilipojaza mafuta wiki iliyofuata, yale yale.

Wa pili akasema plagi. Plagi nne za iridiamu laki na ishirini, kusafisha nozo zinazopuliza mafuta kwenye injini elfu 60. Yale yale. Tukarudi akasema basi ni sensa ya hewa, elfu 90, na taa akaifuta kwa mashine mbele yangu nikaondoka natabasamu kama mjinga, kufika Ubungo imewaka. Jumlisheni wenyewe, laki nne na tisini, na hapo sijahesabu siku nilizopanda mwendokasi nikiwa nimesimama.

Hivi nyie mafundi, geji ya kupimia presha ya mafuta mnaijua? Maana kabla hujamuuzia mtu pampu unapima presha kwanza, siyo unamwangalia usoni unaona anavaa shati la kuchomekea unasema huyu pampu. Na P0171 haisemi pampu mbovu. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, hiyo hewa inaweza kuwa inaingia popote ambapo sensa haikuihesabu, hozi imepasuka, gasketi ya manifodi (njia ya hewa kuingia kwenye injini), au valvu imekaa wazi. Kodi inakuonyesha mtaa, nyumba unatafuta mwenyewe.

Jumapili nikasema potelea mbali, nimefungua boneti nyumbani na simu mkononi. Nikajifunza kitu ambacho miezi yote hii hakuna fundi aliyenitajia. Kwenye tenki petroli inatoa mvuke muda wote, na kwa joto la hapa Dar ndo usiseme. Ule mvuke hauachiwi nje, unapelekwa kwenye kopo lina mkaa ndani, wanaita kanista, mkaa unaushika. Injini ikishapata moto kompyuta inafungua kavalvu ka umeme kako karibu na manifodi, paji valvu, injini inaunyonya ule mvuke inauchoma. Ikiwa baridi hako kavalvu kanatakiwa kafunge. Sasa kakigoma wazi, ukiwa umetoka kujaza tenki injini inanyweshwa mvuke hata kabla ya nozo kumwaga, inazama haiwaki. Na mvuke ukiisha inabaki kunyonya hewa tupu kupitia humo humo, ndo hiyo P0171. Moshi mweusi na kodi ya mafuta kidogo kwenye gari moja, vyote vimeelezeka!

Kipimo chenyewe hata mtoto wa darasa la saba anafanya. Asubuhi injini ya baridi kabisa nimeiwasha, nimechomoa hozi inayotoka kwenye kanista nikaweka kidole kwenye mdomo wa valvu. Kidole kimevutwa chwaa. Haitakiwi. Nikachomoa na soketi ya umeme, bado inavuta, maana yake siyo kompyuta inayoifungua, yenyewe ndo imekwama. Nimezima, nimeifungua (boliti moja ya namba 10 tu jamani), nikachomeka kampira kasafi nikapuliza kwa mdomo, pumzi inapita kama mrija wa soda. Nzima haipitishi mpaka uipe umeme wa volti 12. Nikaigongesha taratibu kwenye kigae cha kibarazani, zikadondoka punje nyeusi, kama majani ya chai yale ya vumbi. Mkaa huo. (Jirani akaja kuchungulia na sigara mdomoni, nikamfukuza, hii ni petroli mzee wangu.)

Hapo ikabidi nijilaumu na mimi kidogo. Mkaa kwenye kanista mara nyingi hauharibiki hivi hivi, kosa langu ni lile la sheli. Bomba likishakata lenyewe "tak", mimi ndo wale wa kusema dada malizia iwe hamsini kamili, naye anabonyeza kidogo kidogo mpaka hesabu inyooke. Ile ziada inapanda kwenye njia ya mvuke inalowesha kanista, mkaa unamomonyoka unakimbilia kwenye valvu. Miaka mitatu nakamilisha hesabu! Sasa ikikata imekata, hata ikisoma 47,300 nalipa hiyo hiyo.

Nimeenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, duka la kwanza nikasema naomba valvu ya mvuke, kijana akanitazama kama nimeomba uganga. Nikamwonyesha mbovu yangu, akaenda nyuma akarudi na ya mtumba wa Japani, elfu 45, tukavutana mpaka 25. Niliipuliza pale pale dukani kabla sijalipa, akashangaa. Ya kwanza ilikuwa inapitisha, nikamrudishia akanipa nyingine. Hozi nimezipuliza kwa upepo kwa fundi tairi, na katikati ya hozi nimebana filta ndogo ya petroli ya pikipiki ikamate punje zitakazobaki, maana kanista yenyewe bado naisaka. Fundi mmoja wa jirani ananishauri "hilo kopo ng'oa tu tuzibe, hayo ni mambo ya Wazungu". Kuziba siku mbili kwa ajili ya kupima sawa, ila ukiziba moja kwa moja mvuke wa tenki unadhani utaenda wapi? Utaunusa na watoto siti ya nyuma.

Jana nimejaza fulu pale pale Mwenge, makusudi. Stata moja. Taa nimeifuta na mpaka sasa haijarudi.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Ile pampu yangu ya kwanza ilikuwa nzima, imetoka na gari Japani, na fundi wa Sinza alibaki nayo akasema ni chuma chakavu tu bosi. Leo asubuhi nimempigia nikamwambia naifuata. Akakaa kimya kidogo, alafu akaniambia ameshamfungia mteja mwingine.