Mrejesho: matangazo yaliyokuwa yakikatika skuli ya ghorofa, Pemba

Assalaam alaykum. Niliuliza kuhusu maikrofoni za matangazo za mtandao kwenye skuli yetu ya ghorofa hapa Chake Chake: swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao) ikiwashwa, sauti inafika kanda zote za jengo, kisha dakika nne hivi spika za juu zinanyamaza.

Aliyetaja IGMP (utaratibu wa vifaa kuuarifu mtandao kuwa vinataka kupokea matangazo fulani) alilenga hasa. Swichi ilikuwa inachuja multikasti (sauti moja inayotumwa kwa spika nyingi kwa pamoja), iwafikie wanaosikiliza tu, lakini hapakuwa na kifaa cha kuuliza nani bado anasikiliza. Sekunde 260 za kawaida zikipita bila jibu, bandari za spika (matundu ya swichi zilipochomekwa) zinaondolewa kwenye orodha ya wapokeaji. Tumewasha kiulizaji kwenye swichi kuu, sauti haikatiki tena. Umeme unaopita waya wa mtandao ulikuwa sawa.

Tangazo la dharura nalo tumelipa kipaumbele juu ya kengele. Watoto wa ghorofa ya juu lazima walisikie. Ahsanteni sana, ndugu zangu.