Mzee anameza Panadol, Diclopar na dawa ya mafua kwa mpigo, hii iko sawa?

Mwana_Kurasini: Wakuu habari za mchana. Mzee wangu ana miaka 66, karudi shamba mgongo unamuuma akaenda duka la dawa hapa mtaani akapewa Diclopar, moja mara tatu. Jana homa na mafua vikamshika, mama mdogo kamnunulia vidonge vya mafua navyo moja mara tatu, na yeye mwenyewe ana Panadol zake anameza mbili mbili asubuhi mchana jioni. Nikimwambia zimekuwa nyingi anasema kila moja ina kazi yake, hizi za mgongo zile za homa. Halafu anatumia na dawa za presha. Kuna ubaya au nina wasiwasi wa bure?

kibopa_tmk: Panadol haina shida mkuu, ingekuwa hatari isingeuzwa hadi kwa Mangi. Sisi tunameza na tunadunda tu.

dada_famasi: kibopa acha hizo. Mtoa mada chukua pakiti zote tatu, geuza nyuma soma yale maandishi madogo, tafuta neno paracetamol na namba ya mg. Panadol ni paracetamol 500mg, Diclopar ni diclofenac iliyochanganywa na paracetamol, na za mafua nyingi nayo imo. Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya 500mg kutoka kwenye dawa ZOTE, na dozi zipishane saa 4 hadi 6. Mzee aliyekonda, anayekunywa sana au mwenye shida ya ini hata hiyo 8 asifike.

Mwana_Kurasini: Nimesoma dada, Diclopar imeandikwa 500, ya mafua 500. Kwa hiyo Panadol 6, Diclopar 3, mafua 3, jumla 12, gramu 6!! Ila mbona yuko fresh tu, mchana kala ugali wote?

dada_famasi: Hapo ndo watu wanapodanganyika. Siku ya kwanza mtu anaweza asisikie chochote au kichefuchefu kidogo tu, ini linakuja kulalamika siku ya pili ya tatu, maumivu chini ya mbavu za kulia, macho ya njano. Mpeleke hospitali leo leo asisubiri kuumwa, beba na pakiti, waambie kameza ngapi na saa ngapi, wampime damu. Dawa ya kuokoa ini ipo ila inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Na hiyo diclofenac kwa mtu wa presha ina kesi yake nyingine, inapandisha presha na kuumiza figo, mwulizeni daktari kabla hajaendelea nayo.

Babu_Chanika: Na hiyo homa yenyewe kuna mtu kaipima? Malaria apimwe, Panadol inashusha joto tu vimelea viko pale pale. Dar hii 2019 tulikuwa na dengue, na kwenye dengue hiyo diclofenac, ibuprofen na aspirin hazitakiwi maana zinaweza kuleta kuvuja damu.

Mwana_Kurasini: Tumeshafika, katolewa damu tunasubiri majibu. Mzee kanuna hataki hata kunisemesha, anasema nimemkosesha mechi ya Simba kwa ajili ya Panadol.

kibopa_tmk: Pole mkuu, mzee apone. Dada famasi, vipi Panadol Extra asubuhi baada ya bia za usiku? Naulizia rafiki yangu

dada_famasi: Hahaha rafiki yako eeh. Extra ni paracetamol ile ile 500mg wameongeza kafeini 65mg, kwa hiyo hesabu ya 8 iko pale pale. Moja moja akiamka vibaya sio kesi, ila kama anakunywa kila siku ini lake lishachoka, aje dukani tuongee.

kibopa_tmk: Nitamwambia