Poka: Las Vegas au London, wapi kodi haiumizi?

kinondoni_kwetu
Wakuu habari zenu. Nimeweka akiba ya safari moja tu ya mashindano ya poka (karata za pesa) mwaka huu, nimebakiwa na Las Vegas au London. Viingilio nimeshapiga hesabu, malazi pia, kinachonisumbua ni kodi nikishinda. Wapi wanakata kidogo? Tiketi nataka nikate kabla mwezi haujaisha.

karata52
Mkuu mbona mambo ya msingi hujaweka? Unaishi wapi? Pasi ya wapi? Unacheza kujifurahisha au ndo unakula hapo?

mzee_wa_mezani
London, usiwaze mara mbili. Uingereza mchezaji hakatwi hata senti, kodi wanabebeshwa wenye kasino. Ukishinda unatoka nayo yote.

binti_pongwe
Mi ngoja niwaeleze yaliyonikuta Vegas maana hadi leo yananiuma. Nilitokea Dar, siku ya nne nikaingia meza ya mwisho nikatoka na faida ya dola 8,400, nimeshampigia hadi mama, nafika dirishani dada wa watu anaangalia pasi anauliza kama nchi yetu ina mkataba wa kodi na Marekani, hatuna, basi 30% ikazuiwa palepale, dola 2,520. Nikamwambia wiki hiihii nimepoteza 3,000 kwenye mashindano mengine, nikatoa na risiti, akasema kwa mgeni hasara haihesabiwi. Baadaye ndo najua kwamba mgeni akishinda blekijeki (karata za 21) au ruleti hakatwi kabisa, sheria yao imesamehe. Yaani mchezo niliokesha miaka nikiusomea ndo unakatwa, gurudumu linalozunguka lenyewe linaachwa!

kinondoni_kwetu
Pole sana dada. Samahani wakuu nilisahau, pasi ni ya Tanzania ila naishi Köln, Ujerumani, mwaka wa sita. Nacheza jioni nikitoka kazini, ila mwaka jana mtandaoni nilipata kuliko mshahara.

karata52
Hapo umebadilisha kila kitu. Mkataba unaangalia wewe ni mkazi wa wapi kikodi, sio pasi. Mkazi wa Ujerumani ile 30% anasamehewa, ila uwe na namba ya mlipakodi ya Marekani na fomu ujaze mapema. Shida yako iko hapo hapo Köln. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya kodi ya Ujerumani ilimwambia Eddy Scharf, rubani aliyekuwa anashinda mashindano makubwa, kwamba poka ina ujuzi ndani yake na anavyocheza ni biashara, alipe. 2023 ikamfikia mwanafunzi wa hesabu aliyekuwa anacheza mtandaoni tu. Kwa hiyo hata ushindie London, watu wa kodi wa Köln wanaweza kukudai.

mzee_wa_mezani
Ndo maana sipendi hizi kelele za poka ni mchezo wa akili. Derek Kelly wa klabu ya poka ya Gutshot pale London alitetea hilohilo mahakamani 2007, jopo la raia likamkuta na hatia ya kuchezesha bila leseni. Na sheria yao ya 2005 inasema mchezo wenye bahati na ujuzi pamoja unahesabiwa wa bahati. Mi naona mchezaji ana nafuu ikiitwa bahati.

dallas_mbeya
Sikubali mzee. Kuitwa bahati kunafunga watu. Jaji Weinstein wa Brooklyn 2012 alikubali kwamba kwenye poka ujuzi ndo unatawala, akamfutia hatia jamaa aliyekuwa anaendesha meza, mwaka uliofuata rufaa ikairudisha. Na sisi tunaoishi huku Marekani kuanzia 2026 hasara inahesabiwa 90% tu, umeshinda 100,000 umepoteza 100,000, unatozwa kodi kwenye 10,000 ambayo hujawahi kuishika.

kibaraza_cha_bao
Pesa ikishawekwa mezani ni kamari jamani, ipeni jina lolote. Mchezo wa akili ni bao, kete zote ziko wazi hakuna kilichofichwa.

binti_pongwe
Bao nalo watu wanawekeana pesa, Kilwa nimeona kwa macho yangu. Tena hapo kodi hakuna.

dallas_mbeya
Bao la Kiswahili lenyewe siku hizi Dar linachezwa wapi? Nikirudi Desemba nataka nimfundishe mwanangu.

kinondoni_kwetu
Wakuu nimeongea na mhasibu wa hapa, anataka rekodi zote za miaka miwili. Mi nilikuwa naandika ushindi tu. Tiketi bado sijakata.

karata52
Hasara hukuandika?? Ikihesabiwa biashara hizo ndo zinapunguza kodi. Anza na taarifa za benki leo leo, Vegas baadaye.

kibaraza_cha_bao
@dallas_mbeya we njoo Magomeni jioni, uliza vibarazani utaonyeshwa.