Taa za dari kabla ya plasta: kuacha holda, kuziba kwa konekta au kuchomoa waya zote?

Kisasa_2: Wakuu, fundi plasta anaingia Jumatatu kupiga dari. Pointi za taa ni 8. Ushauri niliopewa ni wa aina tatu: holda zibaki zivalishwe nailoni, zifunguliwe na waya zizibwe kwa konekta (kipande cha plastiki chenye matundu ya kufungia waya kwa skrubu) ndani ya boksi, au waya zichomolewe zote zirudishwe baadaye. Ipi salama?

volti230: Mkuu, nusu ya habari umebaki nayo. Dari ni zege au jipsamu? Kuna paipu za kupitishia waya? Umeme umeshaingia au bado unasubiri TANESCO?

Kisasa_2: Slabu ya zege. Mita ya LUKU inasoma. Paipu nadhani zipo.

Nala_Site: Nailoni sahau. Maji ya mota (mchanganyiko wa simenti na mchanga) yanapenya kwenye fundo na kuingia ndani ya holda, na fundi atapiga kuizunguka akuachie duara linalopasuka. Tumia konekta. Kila pointi ina laivu ya kudumu (waya wenye umeme muda wote), laivu ya swichi (inayopata umeme swichi ikiwashwa), nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi (waya wa ardhini), yaani 4. Mara 8 ni matundu 32. Kipande kimoja kina 12, nunua vitatu. Kunja waya ndani ya boksi, jaza karatasi ya mfuko wa simenti, funika kwa tepu.

volti230: Kabla ya yote hayo, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Laivu ya kudumu mara nyingi iko juu darini, na wapo mafundi wanaokata nyutro badala ya laivu: taa inazimika, holda bado ina volti 230. Zima breka ya taa kwenye DB (boksi la breka) na uibandike tepu. Pima kwa mita ya volti, siyo testa ya bisibisi: anza na soketi yenye umeme, kisha pointi, kisha rudi soketini kuthibitisha mita haijafa. Breka ibaki chini hadi kumwagilia kuishe. Kwa jua na upepo wa Dodoma plasta inamwagiliwa siku kadhaa, na dari mbichi inapitisha umeme. Mwanga wa mafundi utoke kwenye taa za kuchaji.

MamaNzuguni: Mimi nasema chomoa zote, acha waya wa kuvutia kwenye paipu. Bila waya hakuna cha kuharibika.

Nala_Site: Dada, kwenye slabu yenye kona tatu? Mota ikiingia ikagandia konani, hata waya wa kuvutia hausogei.

volti230: Kuna nyumba Nkuhungu boksi zilipakwa juu kabisa, hakuna aliyepiga picha wala kupima umbali kutoka ukutani. Plasta ilikuwa milimita 12 hivi, boksi zikapotea. Fundi umeme alizitafuta kwa nyundo, kisha kwa drili, akatoboa paipu na kukwangua waya. Breka ikawa inadondoka kila mara. Walibadilisha breka mbili kabla ya kugundua laivu inagusa zege lenye unyevu. Mita ya kupima insulesheni (ganda la waya) kwa volti 500 ingeonyesha hitilafu mapema: chini ya megaohmu 1 usiwashe. Toa balbu zote kabla ya kupima. Na nunua ringi za kuinua boksi zifike usawa wa plasta, la sivyo skrubu za kawaida hazitafika.

Kisasa_2: Nimefungua pointi moja, breka iko chini. Zinatoka waya mbili tu.

Nala_Site: Basi hesabu yangu imekufa. Muunganiko uko kwenye swichi, laivu ya kudumu haifiki darini. Matundu 16, vipande viwili vinatosha.

MamaNzuguni: Mbili, na ethi iko wapi?

Nala_Site: Holda ya plastiki haihitaji ethi.

MamaNzuguni: Na akifunga taa ya chuma ya sebuleni? Avute ethi sasa hivi, waya wa 1.5 mm² wa kijani-njano, kabla dari haijafungwa.

volti230: Atavuta kama paipu zipo. Kisasa_2, hiyo "nadhani" yako: vuta waya mmoja kidogo. Unateleza au umeshikwa na zege?