Kuunganisha wakala wa akili mnemba na dashibodi ya biashara: MCP, API, hifadhidata au faili la CSV?

Agroveti wa Njoro (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri kabla sijalipia kitu. Tunaendesha maduka matatu ya pembejeo za kilimo, moja Nakuru mjini, la pili Njoro na la tatu Molo, na takwimu zote za mauzo, za ghala na za madeni ya wakulima huingia kwenye dashibodi tunayoilipia kila mwezi. Dashibodi yenyewe haina ubaya, ila mke wangu, ambaye ndiye anayeagiza mbolea, hana nafasi ya kufungua kurasa saba ili ajue kama DAP iliyobaki Molo itatosha hadi Ijumaa. Anataka aandike swali kwa Kiswahili kwenye simu, wakala, yaani programu ya akili mnemba, alitafute jibu kwenye dashibodi, naye aendelee na kazi.

Nimeona njia nne. Ya kwanza ni seva ya MCP, yaani daraja la kumwunganisha wakala na programu nyingine, inayotolewa na wenye dashibodi wenyewe. Ya pili ni kumlipa kijana aandike programu ndogo inayotumia ufunguo wa API, yaani mlango ambao programu moja huombea takwimu kwa nyingine. Ya tatu ni kumfungulia wakala hifadhidata yetu moja kwa moja, bila kupitia dashibodi. Ya nne ni kupakua faili la CSV, yaani jedwali la takwimu katika maandishi ya kawaida, kila asubuhi na kumkabidhi. Hiyo ya nne nimeijaribu kwa wiki moja, na siku ya tatu tu tulisahau kupakua, wakala akajibu kwa takwimu za jana kana kwamba ni za leo. Ninyi mliotangulia mnatumia ipi, na kwa nini?

Mhasibu wa Kondele

Ndugu Agroveti, kabla ya kulinganisha njia hizo kwa bei au kwa urahisi, jiulize swali moja: hesabu itafanyika wapi? Ukimpa wakala faili la CSV au ukimfungulia hifadhidata, yeye ndiye atakayeamua maana ya neno "mauzo", na neno hilo katika duka la kawaida lina maana zisizopungua nne. Kuna mauzo kabla ya kutoa bidhaa zilizorudishwa na baada ya kuzitoa. Kuna mauzo pamoja na VAT ya asilimia 16 kwa bidhaa zinazotozwa, na mauzo bila VAT. Halafu kuna bidhaa zilizotoka kwa mkopo, ambazo mwenye duka mmoja huzihesabu siku zinapotoka na mwingine huzihesabu siku fedha zinapoingia kwenye namba ya tili.

Mimi ninamfanyia hesabu mteja wa vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Tulimpa wakala mistari ghafi ya mauzo ya mwezi mzima, tukamwuliza swali lile lile mara tatu kwa maneno tofauti kidogo, na tukapata majibu matatu, kila moja limeandikwa kwa ujasiri wa mkaguzi. Hakuna hesabu ya kujumlisha iliyokosewa. Kilichobadilika ni mistari aliyoamua kuijumlisha. Tulipomwelekeza kwenye kipimo ambacho tayari kimefafanuliwa ndani ya dashibodi, chenye jina na kanuni yake, jibu likawa moja. Kwa sababu hiyo mimi ninaiweka MCP au API mbele, mradi wakala anaomba kipimo kilichokwisha kukokotolewa na haombi mistari ghafi.

Fundi wa Lurambi

Ninakubaliana na Mhasibu, nami nitaongeza upande wa ufundi. MCP ni itifaki ya wazi iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024, na kazi yake ni kumweleza wakala, kwa muundo mmoja unaofahamika, ni zana zipi zilizopo, kila zana inahitaji taarifa gani na itarudisha nini. Faida yake kwako ni kwamba ukibadilisha wakala mwakani huandiki upya kila kitu, kwa kuwa seva ni ile ile. Hasara yake ni kwamba mara nyingi maelezo ya zana zote huingia kwenye kumbukumbu ya mazungumzo, kwa hiyo seva yenye zana arobaini inakula tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo wakala huhesabiwa, hata kabla mama hajauliza chochote. Zima zana usizozihitaji. Kwa biashara yako, zana ya kuorodhesha vipimo na zana ya kusoma kipimo kwa kipindi fulani zinatosha kuanzia.

API ya moja kwa moja inakupa udhibiti zaidi, lakini angalia mtego mmoja ulionipotezea siku mbili. API nyingi hurudisha matokeo kwa kurasa, labda mistari mia moja kwa kila ombi. Programu niliyoiandika ilisoma ukurasa wa kwanza tu, na wakala akatoa taarifa safi kabisa kuhusu mauzo ya mwezi, ambayo kwa kweli yalikuwa mauzo ya siku nne. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea popote. Mteja ndiye aliyegundua, kwa sababu anajua duka lake.

Mwoka Mikate, Kisumu

Mimi si fundi, lakini ninalo la kusema kuhusu saa, kwa kuwa mikate yangu hupakiwa saa nane usiku. Dashibodi yetu ilikuwa imepangwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, na kwa hiyo siku yake mpya ilianza saa tisa usiku ya hapa. Mzigo wote uliotoka kabla ya hapo ulihesabiwa kuwa wa jana. Kwenye michoro hatukuwa tumetambua. Wakala alipoanza kutuandikia kila asubuhi kwamba Jumapili tunauza kuliko Jumamosi, ndipo tukashtuka, kwa maana Jumapili hatuoki.

La pili ni dogo ila linaudhi. Ukimwuliza wakala kwa Kiswahili kuhusu mauzo ya saa mbili asubuhi, anaweza kukuletea ya saa nane usiku, kwa kuwa anaisoma hiyo mbili kama inavyosomwa kwenye kompyuta. Tumemwandikia katika maagizo ya kudumu kwamba saa zetu zinahesabiwa kuanzia mapambazuko, na kwamba kila jibu lionyeshe pia saa kwa mfumo wa 24. Tangu hapo ametulia.

Agroveti wa Njoro

Ninawashukuru sana. Hiyo ya saa sikuwa nimeifikiria kabisa. Fundi, nisaidie jambo moja: kijana wangu anasisitiza hifadhidata moja kwa moja, akidai kwamba dashibodi husasishwa kila baada ya saa moja ilhali hifadhidata ina takwimu za sasa hivi. Je, hana hoja?

Fundi wa Lurambi

Hoja anayo, lakini jiulize ni uamuzi gani wa mbolea usioweza kusubiri saa moja. Ikiwa mtaishika njia hiyo, kama mnatumia hifadhidata ya PostgreSQL, mfungulieni wakala akaunti yake yenye ruhusa ya SELECT pekee, yaani ya kusoma tu, tena si kwenye majedwali yenyewe bali kwenye mitazamo (views), yaani majedwali ya kuonyesha tu mliyoyaandaa, ambamo ufafanuzi wa Mhasibu umekwisha kuandikwa, na mweke kikomo cha muda wa kila swali ili swali moja baya lisiikwamishe mashine ya kaunta saa ya wateja. Ufunguo unaoweza kuandika au kufuta asipewe kamwe, hata kwa majaribio.

Sababu si kwamba wakala ana nia mbaya. Anasoma kila kilichomo, pamoja na maoni ya wateja na maelezo yaliyoandikwa kwenye oda, na mtu akiandika humo maneno yaliyotungwa kama agizo, wakala anaweza kulitii akidhani limetoka kwako. Ufunguo wa kusoma tu hauzuii kudanganywa, ila unapunguza anachoweza kuharibu.

Karani wa Sacco, Bungoma

Mmezungumzia mauzo, lakini mwanzilishi alitaja madeni ya wakulima, na hapo ndipo mimi ningesimama kwanza. Jina la mkulima, namba yake ya simu na deni lake ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sheria hiyo ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi, mahali ambapo modeli nyingi za akili mnemba huendeshewa. Sisi tulichofanya ni kumpa wakala jumla ya madeni kwa kila tawi na kwa umri wa deni, yaani siku 30, 60 na 90, bila jina lolote. Anayehitaji jina anafungua mfumo mwenyewe.

Na nitaitetea kidogo CSV, ambayo wote mmeitupa jalalani. Kwa taarifa ya mwisho wa mwezi, ambapo takwimu zimefungwa na hazibadiliki tena, faili moja lenye tarehe katika jina lake ni rahisi kukagua kuliko muunganisho wowote, na halikatiki intaneti inapokatika.

Mhasibu wa Kondele

Karani, kwa mwezi uliofungwa sina pingamizi. Kwa swali la kila siku bado ninakataa. Ndugu Agroveti, jambo la mwisho kutoka kwangu: wakala wako akilinganisha Mei na Aprili atakuambia biashara inaanguka, kwa sababu mvua za masika huanza Machi na mbolea ya kupandia hununuliwa kwa kishindo halafu inatulia. Mwelekeze alinganishe na miezi ile ile ya mwaka uliopita.

Agroveti wa Njoro

Nimerudi baada ya majuma mawili. Tumechukua seva ya MCP ya wenye dashibodi, kwa ufunguo wa kusoma tu, zana mbili na vipimo sita ambavyo mhasibu wangu alivifafanua kwa maandishi. Saa za dashibodi tumezibadilisha kuwa za Nairobi, na madeni yanaonekana kwa jumla ya tawi pekee. Kila jibu sharti litaje jina la kipimo, kipindi chake na wakati takwimu ziliposasishwa mara ya mwisho; sharti hili lilitoka kwa mke wangu baada ya kisa cha CSV.

Jumatano aliuliza kuhusu DAP ya Molo akaambiwa imebaki mifuko kumi na tisa. Alipiga simu dukani, wakahesabu, wakapata kumi na saba. Miwili ilikuwa imetolewa kwa mkopo asubuhi na karani hakuwa ameiingiza kwenye mfumo, kwa hiyo sasa nina mazungumzo na karani.