Nilikubali picha ziuzwe pahali pamoja, sasa ziko kila mahali

Bint Kisauni: Asalaam aleikum. Nina miaka 29. Mwaka jana nilipatana na mpiga picha mmoja wa Nyali anipige picha za utupu, ziuzwe kwenye tovuti ya wanachama wanaolipa, tugawane pesa. Nilitia sahihi karatasi. Jina la tovuti limo, na kwamba sura isionekane limo pia. Sasa zimezagaa kwenye makundi ya simu, sura wazi, hata dada yangu katumiwa na jirani. Nikampigia huyo mpiga picha, kanijibu: "Si ulikubali mwenyewe? Na picha ni mali yangu." Sikatai, nilikubali. Lakini nilikubali lipi? Ama nikishavua nguo sina haki tena?

Karani wa Wakili: Haki unayo, dada. Hakimiliki yaweza kuwa yake kwa kuwa ndiye aliyepiga, lakini faragha ni yako: Katiba ya Kenya, kifungu cha 31. Kisha iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 32 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha ridhaa yako, nawe waweza kuiondoa wakati wowote, ingawa haibatilishi yaliyofanyika kihalali kabla. Hayo makundi hayamo kwenye karatasi, basi athibitishe nini? Mshtaki kwa Kamishna wa Data. Malalamiko huamuliwa ndani ya siku 90.

Mama Swaleh: Pole sana mwanangu. Usifute kitu! Nasa kila ukurasa, tarehe na anwani zionekane. Kisha ingia StopNCII.org: simu yako hutengeneza alama ya kila picha, picha yenyewe haitoki, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuzizuia. Na huyo jirani aliyesambaza naye ana kesi.

Bint Kisauni: Shukran. Nikienda polisi hawatanigeuzia kibao?

Karani wa Wakili: Hofu yako ina msingi. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu msambazaji wa picha za siri za mtu: faini hadi shilingi 200,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 181, inawagusa wanaofanya biashara ya picha chafu, nawe mlikuwa mkigawana pesa. Kwa hivyo usianzie kituoni. Nenda FIDA, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wanawake bure. Chukua ile karatasi, na usimpigie tena huyo bwana. Akikutafuta, mwambie aandike.