Vifo vya kisukari New York: rangi ibaki kwenye hesabu au ifutwe?

Mleta hoja: Wadau, jijini New York Wamarekani Weusi na Wapuerto Rico wanakufa kwa kisukari kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu, na mitaa ya Bronx ya kusini na East Harlem ni miongoni mwa inayoumia zaidi. Kisukari huharibu figo, na fomula ya kukadiria uchujaji wa figo iliondolewa rangi mwaka 2021. Sasa wapo wanaotaka ifutwe hata kwenye takwimu za vifo. Mnasemaje?

Mtakwimu: Kwanza tujue namba inatoka wapi. Cheti cha kifo kina sehemu mbili. Ya kwanza ni mnyororo wa sababu, na mstari wa chini kabisa ndio chanzo. Ya pili ni magonjwa yaliyochangia. Mwenye kisukari akifa kwa moyo, daktari mmoja atakiandika kisukari mstari wa chini, mwingine atakisukuma sehemu ya pili, wa tatu atakiacha kabisa. Ndiyo maana kwa Marekani nzima kisukari hutajwa kwenye asilimia 35 hadi 40 tu ya vyeti vya waliokufa wakiwa nacho, na kama chanzo ni asilimia 10 hadi 15. Rangi na asili huandikwa na msimamizi wa mazishi kwa kumuuliza ndugu wa marehemu. Asipouliza, anakisia.

Figo Mbili: Wakuu, msichanganye fomula na takwimu. Fomula ya 2009 ilichukua kriatinini (taka ya misuli kwenye damu ambayo figo huichuja), umri na jinsia, kisha mgonjwa akiwa Mweusi ikazidisha jibu kwa 1.159. Pigeni hesabu: 18 mara 1.159 ni karibu 20.9. Muda wa foleni ya kupandikizwa figo iliyotolewa na marehemu huanza kuhesabiwa uchujaji ukifika 20 au chini. Mzungu mwenye 18 anaanza kuhesabiwa leo. Mweusi mwenye kriatinini, umri na jinsia ileile anaambiwa figo zake bado nzuri, arudi baadaye. Akirudi, pengine tayari anasafishwa damu kwa mashine. Januari 2023 hospitali za upandikizaji ziliagizwa kupitia orodha zao na kuwarudishia Weusi muda waliopotezewa. Na waliorudishiwa walijulikanaje? Rangi ilikuwa imeandikwa!

Mpinga Visanduku: Hilo nalikubali, lakini visanduku vyenyewe vya rangi na asili kwenye fomu vinaficha. "Mlatino" anameza Mpuerto Rico, Mdominika na Mmeksiko. "Mwasia" anamweka Mbangladeshi wa Queens kapu moja na Mchina. Anwani na bima vinasema zaidi. Chukueni insulini: wa Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, analipa isiyozidi dola 35 kwa mwezi kwa kila aina ya insulini tangu 2023. Bima zinazosimamiwa na jimbo la New York hazimchangishi mgonjwa senti tangu Januari 2025. Ila mwajiri anayejilipia mwenyewe matibabu ya wafanyakazi wake haguswi na sheria hiyo ya jimbo, na asiye na bima ndiyo kabisa. Rangi haikuonyeshi pengo hilo.

Maabara: Niongeze la HbA1c, kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, chembe zake nyekundu huishi muda mfupi, hazipati muda wa kushika sukari. Jibu linasoma chini. Mtu anapewa 6.2 na kuambiwa bado hajafika 6.5 ya kisukari, kumbe alishafika. Majibu yakigongana na sukari ya kidole, pimeni fruktosamini (sukari iliyoshika protini za damu, si chembe nyekundu) au sukari ya kabla ya kula. Lakini angalieni: tatizo hapo ni jeni. Kumrekebishia kila Mweusi jibu lake ni kurudia kosa la 1.159.

Mpinga Visanduku: Umenisaidia hoja, Maabara.

Mtakwimu: Nusu tu, ndugu. Fomu sanifu ya cheti cha kifo ya Marekani ina kisanduku cha Mpuerto Rico. Mdominika huandikwa kwa mkono kwenye "wengine". Wanaomezwa humezwa kwenye ripoti, kwa sababu kiwango kinachotokana na vifo chini ya 20 hakitegemeki, basi kundi dogo linaunganishwa na kubwa. Jumlisheni vifo vya miaka mitano, sawazisheni umri ili kundi la wazee wengi lisionekane baya kwa uzee tu, mtawaona Wabangladeshi. Anwani iwekwe pia, sikatai. Ila mkifuta rangi, fomula mbovu nyingine ikiingia kesho mtaijuaje?

Mpinga Visanduku: Sawa, ibaki. Ila msimamizi wa mazishi aulize, asikisie.